Karatasi Isiyo na Hapana

Mara ya nne karatasi ilipoletwa mezani, hakuna aliyeinua kadi nyekundu.

Ljerka aliisoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari. Tihomir alianza kupunga kadi yake ya kijani hata kabla sentensi haijaisha, kama mtu anayesimamisha basi. Mzee Zdenko hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alingoja mpaka neno la mwisho, akafikiri, kisha akainua na yake. Kazi ikawa imekwisha.

Hivyo ndivyo kundi la Tunajisemea lilivyofanya kazi kila Alhamisi, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la viatu mjini Sisak. Watu ambao tangu utotoni waliambiwa kwamba akili zao ni nzito waliletewa maandishi ya watu waliosoma sana, wakayapitia, na kuonyesha mahali yasipoeleweka. Kadi ya kijani, nimeelewa. Ya njano, rudia. Nyekundu, simama, sielewi. Nyekundu ikiinuka, hakuna anayeendelea mpaka aliyeinua aulizwe na ajibiwe, hata kama mezani ameketi waziri. Maandishi yakipita, Mzee Zdenko hufungua kisanduku chake cha bati, akatoa muhuri wa duara wenye picha ya jicho, akaugonga chini ya ukurasa. Maana yake, watu kama wewe wameisoma na wameielewa.

Martina hakuwa na kadi. Yeye alikuwa msaidizi wao, binti wa chuo kikuu mwenye sauti ya upole, na kiti chake kilikaa ukutani nyuma yao, si mezani. Kanuni hiyo waliitunga wenyewe: msaidizi hasemi mpaka aulizwe.

Karatasi ilitoka Brezovi Dol, kituo cha matunzo kilichokuwa kilomita thelathini nje ya mji, ndani ya jumba la kale la tajiri fulani. Watu mia na arobaini waliishi humo. Ljerka alikaa miaka kumi na miwili. Mzee Zdenko alikaa thelathini na mmoja, na mpaka leo hakuweza kula bila kuizungushia sahani mkono wake wa kushoto, asije akanyang'anywa. Miaka minne iliyopita Ljerka aliulizwa anataka kuishi wapi, akasema mjini. Sasa alikuwa na chumba chake kwenye ghorofa ya tatu, ufunguo uliofungwa kwa utepe, na kazi ya asubuhi ya kumenya viazi katika jiko la shule. Na sasa serikali ilikuwa imeagiza kwamba wote waliobaki kituoni waulizwe vilevile. Ndiyo maana kituo kikaandika karatasi, na ndiyo maana karatasi ikaletwa kwa kundi, ifanywe nyepesi.

Ilipokuja mara ya kwanza ilikuwa na kurasa tano, na siku hiyo waliinua kadi nyekundu mara kumi na saba. Ilirudi ikiwa na kurasa tatu, halafu mbili. Leo ulikuwa ukurasa mmoja tu, wenye herufi kubwa na picha ya nyumba ya njano. Sentensi ya kuwekewa alama alikuwa ameitunga Ljerka mwenyewe. Watu wa kituo walikuwa wameandika, "Mtumiaji wa huduma anaridhia kuhamishiwa katika kitengo kipya cha makazi ya pamoja." Ljerka akaikunjakunja hiyo sentensi kichwani juma zima, huku akimenya viazi, mpaka akaipata: "Nataka kuishi katika Nyumba Mpya."

"Maprofesa wangu!" alisema Bi Kolarić, ofisa wa ustawi wa Brezovi Dol, ambaye alikuja mwenyewe kuichukua karatasi, na keki ya jozi mkononi. "Hata mkurugenzi wetu ameielewa, na yule huwa haelewi kitu."

Tihomir alicheka mpaka makombo yakamruka. Ljerka naye alitabasamu, akatazama chini kwa haya. Bi Kolarić aliwavika kilemba cha ukoka, nao wakakivaa, tena wakakiona kimewakaa vizuri.

Jumapili Ljerka alipanda basi kwenda Brezovi Dol kumwona Nevenka.

Miaka kumi na miwili vitanda vyao vilipakana, na walitumia kitana kimoja. Nevenka alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni, na ndiye aliyemfundisha Ljerka kuficha mkate ndani ya soksi. Siku Ljerka alipotoka, Nevenka hakulia. Alisema tu, "Ukishajua njia, urudi unichukue." Ljerka alikuwa amerudi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kumchukua ndiko alikokuwa hajaweza, maana Nevenka alikuwa na mlezi wa kisheria, na mlezi alikuwa ofisi, na ofisi ilijibu barua kwa barua. Lakini agizo jipya la serikali lilitaka waulizwe watu wenyewe. Kama Nevenka angesema kwa kinywa chake kwamba anataka mjini, ofisi ingelazimika kumtafutia mahali. Ljerka alikuja akiwa na furaha hiyo kifuani.

Ukumbi wa kulia chakula ulinuka kabichi chachu na tambara la kupigia deki. Nevenka alikuwa amekwisha kaa mezani, ameshika karatasi.

"Shoga, keti nikusomee! Nimejua kusoma."

"Ulijua zamani wewe."

"Nilijua majina ya dawa. Sasa sikia." Akakohoa kama padri. "Nyumba Mpya ina vyumba sita. Nyumba Mpya ina bustani. Unaweza kuja kusaini na mtu unayemwamini. Tutasaini Ijumaa. Nataka kuishi katika Nyumba Mpya. Weka alama hapa. Andika jina lako hapa." Akainua uso, mashavu yamemwiva. "Umeona? Sikumwomba mtu anisaidie hata neno moja."

Ljerka alihisi moyo unamjaa. Maneno yake yalikuwa yametoka kinywani mwa Nevenka bila kukwama.

"Na hiyo nyumba iko wapi?" aliuliza.

"Si ile pale."

Nevenka alielekeza kwa kidevu. Dirishani, nyuma ya chumba cha kufulia nguo, zilisimama nyumba tatu ndogo za njano, rangi bado mbichi. Nyuma yake ulipita uzio uleule wa kituo. Nao ulikuwa umepakwa rangi, ya kijani.

"Hiyo si iko humuhumu ndani?"

"Ndiyo."

"Na mlango?"

"Saa mbili usiku unafungwa. Bi Kolarić amesema ni kwa usalama wetu."

"Chakula?"

"Kitatoka hapahapa, kwa toroli." Nevenka alianza kuikunja karatasi, pembe kwa pembe. "Ijumaa nasaini."

"Kwani wewe unataka kukaa huko?"

"Si wewe umetaka?"

"Mimi?"

Nevenka aliikunjua tena, akaweka kidole chake kinene juu ya lile jicho la duara chini ya ukurasa.

"Hili si la kwenu? Nililijua mara moja. Nikasema, Ljerka ameipitia hii, Ljerka anasema ni sawa." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Miaka minne nakungoja. Basi nikaona mwenzangu amechoka. Amepata maisha yake. Ananiambia kwa upole, Neva, kaa hukohuko. Sikukasirika. Umeniambia vizuri, kwa maneno mepesi."

Ljerka aliisukuma karatasi. Sauti yake ilipasuka.

"Muhuri hausemi hivyo! Muhuri unasema maneno ni rahisi, basi."

"Ni rahisi kweli."

"Si ungesema hapana, Neva! Wangekuuliza tu, nawe ukasema hapana, nataka mjini."

"Ningesemea wapi?"

Akamsogezea karatasi. Ljerka aliifuata kwa kidole kuanzia juu mpaka chini, kisha akaanza upya. Kulikuwa na kisanduku kimoja cha kuweka alama. Pembeni yake ilikaa sentensi yake mwenyewe, nzuri, fupi, nyeusi. Kisanduku cha pili hakikuwepo. Mahali pa kusema hapana hapakuwepo.

Alirudi mjini amesimama njia nzima, ingawa viti vilikuwa vitupu.

Siku nne alimenya viazi kana kwamba vimemkosea. Mpishi mkuu akamwambia, "Ljerka, hicho ulichobakiza ni kiazi au ni punje ya harage?" Alichukua kiazi kingine. Kulikuwa na kitu kilichomkera, hakukishika vizuri, kama jina ambalo mtu ameligusa kwa ncha ya ulimi. Hakutaka kuamini kwamba karatasi ilizaliwa hivyo. Alikuwa na hakika kwamba mahali fulani, kwenye zile kurasa tano za kwanza, neno la kukataa lilikuwepo.

Alhamisi alifika saa nzima kabla ya wenzake. Martina alikuwa anachemsha kahawa.

"Nipe karatasi ya kwanza," Ljerka alisema. "Ile ya kurasa tano."

Martina alimtazama, akaenda kabatini, akaleta jalada bila kuuliza ni la nini. Hilo pekee lingetosha kumwambia Ljerka jambo, lakini alikuwa na haraka. Ukurasa wa nne, karibu na mwisho, aliikuta. "Mtumiaji wa huduma anabakiwa na haki ya kutoridhia uhamisho tajwa na kuelekezwa kwenye huduma mbadala za makazi katika jamii." Ukingoni palikuwa na duara jekundu la kalamu, na ndani yake herufi moja, L.

Ni yeye. Siku ile aliinua kadi, akasema, "Hii sielewi hata kidogo," na kila mtu akacheka, maana kweli ilikuwa kama kamba iliyojifunga fundo.

"Soma," alimwambia Martina. "Niambie kwa maneno ya watu."

Martina aliinamia ukurasa. "Inasema unaweza kukataa. Na ukikataa, watakutafutia mahali pengine, mjini, kwenye nyumba za kawaida."

"Nilisema sielewi. Sikusema waifute."

"Hukusema hivyo."

"Iliporudi mara ya pili haikuwemo. Sisi tulifurahi kurasa zimepungua. Tulipiga makofi, Martina. Wewe uliona?"

Kahawa ilifurika, ikazima moto. Hakuna aliyeinuka.

"Niliona," alisema Martina.

"Ukanyamaza."

"Kanuni ni yenu, Ljerka. Msaidizi hasemi mpaka aulizwe. Hamkuniuliza."

Damu ilimpanda Ljerka mpaka masikioni. Huyu ndiye aliyemsindikiza kununua mapazia yake ya kwanza. Huyu alimfundisha kupanda lifti bila kufumba macho.

"Kanuni ile tuliiweka mfunge midomo mnapotaka kutusemea," alisema, na kila neno lilitoka likitetemeka. "Hatukuiweka mtutazame tunatumbukia shimoni, halafu mseme hamkuulizwa! Ungeona gari linakuja, ungengoja niulize kama linakuja?"

"Niliogopa." Macho ya Martina yalikuwa mekundu. "Brezovi Dol wakitukasirikia, watatufungia lango. Hata Jumapili zako."

"Basi uliogopa wewe. Mimi ungeniacha nichague kuogopa au kutoogopa."

Tihomir na Mzee Zdenko walipofika walimkuta amesimama, karatasi ya kwanza na ya mwisho ziko mezani ubavu kwa ubavu. Aliwaeleza yote, polepole, mara mbili, kama walivyozoea kuelezana. Tihomir alitukana tusi ambalo mama yake angempigia kofi. Mzee Zdenko alifungua kisanduku chake cha bati, akautazama muhuri, akakifunga.

Bi Kolarić aliingia saa kumi kamili akiwa na kamera shingoni. Alitaka picha ya kundi kwa ajili ya gazeti la kituo.

"Sogeeni karibu, wapenzi. Ljerka, tabasamu basi, leo mbona umenuna?"

Ljerka aliinua kadi nyekundu.

"Tukishapiga picha," alisema Bi Kolarić.

Kadi ilibaki juu. Tihomir akainua yake. Mzee Zdenko akaongeza ya tatu. Bi Kolarić aliangalia ukutani alikokuwa Martina, jinsi watu kama yeye wanavyoangalia siku zote, wakimtafuta mtu mzima wa kuongea naye. Martina aliangalia sakafu.

"Haya. Kuna nini?"

"Sentensi ya kukataa iko wapi?" Ljerka aliuliza.

"Ipi hiyo?"

Alimsogezea ukurasa wa nne. Bi Kolarić aliutupia jicho tu, akacheka kidogo.

"Lakini mpenzi, hii si wewe mwenyewe uliyeiwekea nyekundu? Mlisema ni ngumu, tukaiondoa. Tumewasikiliza. Si ndicho mnachodai kila siku, kusikilizwa?"

Msiba wa kujitakia hauna kilio, na Bi Kolarić alilijua hilo. Aliushika msiba wa Ljerka na kumrudishia mwenyewe mkononi. Kwa kitambo Ljerka hakuona kitu. Aliona aibu tu, aibu ile ya kale ya kusimamishwa mbele ya ukumbi kwa sababu umelowesha shuka. Halafu aibu ikageuka.

"Zile nyingine kumi na sita mlizifanya nyepesi," alisema. "Hii peke yake mkaifuta. Sentensi ya bustani mliiandika upya mara tatu. Bustani! Ya hapana hamkuiandika hata mara moja."

"Nani amekutuma useme haya?"

Ljerka hakuishusha kadi.

"Nani?" Bi Kolarić alirudia, na sasa alikuwa anamtazama Martina. "Maana haya si maneno yake. Namjua Ljerka tangu ana miaka kumi na tisa. Kuna mtu amemjaza maneno."

"Refa akitoa nyekundu huulizwi nani amemtuma, mama," alisema Tihomir. "Unatoka uwanjani."

"Tihomir, adabu."

"Adabu nimemwachia kaka yangu, nyumbani yeye ndiye mwenye tabia nzuri."

"Nimejituma mwenyewe!" Ljerka alipiga meza kwa kiganja, na aliyeshtuka zaidi alikuwa yeye. Hakuwahi kupiga meza maishani mwake. "Nimekuja kwa miguu yangu, nimesoma kwa kidole changu! Mlichukua jicho letu mkaliweka kwenye karatasi ya kuwafunga watu. Nevenka ameliona jicho, akadhani ni mimi ninayemwambia abaki. Mimi!"

Bi Kolarić alianza kuifunga kamera yake kwenye mfuko. Hakuwa mkali. Alikuwa mtulivu, na utulivu huo ndio uliowachoma.

"Karatasi mia na arobaini zimekwisha kuchapwa. Watu wanasaini kesho. Mkiwa na maoni, andikeni barua, itajadiliwa kikao kijacho, baada ya wiki mbili. Na nyumba zile ni nzuri, Ljerka. Kuna watu wangeomba kuishi pale."

"Basi waulizeni hao."

Mzee Zdenko, ambaye alikuwa hajasema neno, alisimama. Alikuwa mrefu kuliko watu walivyokumbuka, kwa sababu daima alikaa amejikunja.

"Nimegonga mimi," alisema. "Mkono huu. Nimewafungia wenzangu mlango." Akauinua ule mkono, akautazama kama si wake. "Leteni hizo karatasi nizifute jicho, moja moja. Nina muda."

"Mzee Zdenko, usijisumbue," alisema Bi Kolarić, akatoka.

Ijumaa walipanda basi la saa moja asubuhi, wote watatu, na Martina nyuma yao. Ljerka hakumwalika wala hakumfukuza. Kwenye mfuko wa Tihomir kulikuwa na bureki nne, mikate ya tabaka tabaka yenye jibini, zilizofungwa kwenye karatasi, na mafuta yalikuwa yameanza kupenya.

Mlinzi wa lango alitoka kwenye kibanda chake akitafuna.

"Leo si siku ya wageni."

"Mimi si mgeni," alisema Ljerka. "Nimekuja kukaa na Nevenka wakati wa kusaini."

"Nani amesema?"

Alitoa karatasi ya kituo, akaweka kidole, akasoma: "Unaweza kuja kusaini na mtu unayemwamini." Akaigeuza ili mlinzi aone. "Ni ya kwenu. Inaeleweka, au nirudie?"

Mlinzi aliisoma, akakuna shingo. Hakukuwa na fundo la kujifichia. Ilikuwa nyepesi kweli.

"Wewe peke yako," alisema hatimaye. "Hao wengine wabaki nje."

"Tutabaki tunakula mbele ya macho yako," alisema Tihomir, akaketi palepale chini, na Mzee Zdenko akaketi kando yake.

Ukumbi wa kulia ulikuwa umejaa. Meza zilikuwa zimesukumwa ukutani, ila moja, na nyuma ya hiyo moja alikaa Bi Kolarić na rundo la karatasi zilizokwisha sainiwa. Foleni ilizunguka ukumbi. Watu walisimama kimya, kama wanavyosimama kungoja dawa. Aliyefika mezani alionyeshwa kisanduku, akaweka alama, akaandika jina au akabonyeza kidole, akapewa chokoleti.

Nevenka alikuwa wa tisa. Alipomwona Ljerka alikunja uso.

"Umekuja kuniona nikisaini?"

"Nimekuja kukaa nawe."

"Mbona unahema?"

"Sikukuambia ubaki hapa, Neva. Sikuwahi. Muhuri ule tuliugonga kwa ujinga. Kulikuwa na sentensi ya kukataa, nami nikasema ni ngumu, wakaifuta. Ni makosa yangu, na ni wizi wao." Alikuwa ameyapanga haya kwenye basi, neno moja moja. "Unaweza kusema hapana. Ilikuwemo. Bado imo, hata kama haijaandikwa."

Nevenka aligeukia mbele. Foleni ilisogea. Mbele yao alikuwa Štefica, bibi mdogo kama mtoto, aliyekaa Brezovi Dol tangu enzi za serikali mbili zilizopita. Aligeuza kichwa, akawatazama, akaenda mezani, akasaini, akachukua chokoleti. Lakini hakuondoka. Alisimama pembeni, chokoleti mkononi.

"Karibu, Nevenka," alisema Bi Kolarić. Alimwona Ljerka, akajifanya hakumwona. "Alama hapa, jina hapa."

Nevenka alishika kalamu. Aliishika kwa ngumi, kama kijiko. Hakukigusa kisanduku. Chini ya picha ya nyumba ya njano, kwenye nafasi nyeupe, alianza kuandika herufi kubwa, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Ilimchukua muda mrefu. Watu walianza kunong'ona nyuma. Alipomaliza, neno lilikuwa limepinda kama paa bovu, ila lilisomeka kutoka mlangoni: HAPANA.

"Hii si sahihi," alisema Bi Kolarić. "Nevenka, umeiharibu. Nitakupa nyingine."

"Sitaki nyingine."

"Hakuna mahali pa kuandika hivyo."

"Nimepatengeneza."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Bi Kolarić alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipoteza asali.

"Vizuri. Kama unakataa, lazima useme sababu. Niandike nini?"

Nevenka aligeuka, akaangalia foleni ile ndefu nyuma yake, kisha akaangalia rundo.

"Hao walioweka ndiyo, wameandika sababu?"

Bi Kolarić aliliweka rundo sawa. "Basi niambie unataka kuishi wapi. Useme wewe, si rafiki yako."

Ljerka alilijua jibu. Alikuwa nalo kinywani miaka minne: ghorofa ya tatu, chumba cha pili kilikuwa kitupu, dirisha lilitazama mto Kupa. Alikuwa ameshamwonyesha Martina mahali kitanda kingekaa. Nevenka alimgeukia, akamtazama sana, na Ljerka akauma ulimi mpaka akasikia ladha ya chuma. Kama angelisema neno moja, lingekuwa neno la Ljerka.

"Sijui," alisema Nevenka.

"Umeona?" Bi Kolarić alimwambia Ljerka. "Hajui."

"Ningejuaje?" Nevenka alipandisha sauti, na kicheko chake cha tumboni hakikuwemo. "Miaka kumi na sita sijalala kwingine. Sijaona mjini, sijaona kwa Ljerka, sijaona popote. Mmenionyesha nyumba moja tu, tena nyuma ya kufulia. Mnaniuliza nataka wapi! Nionyesheni kwanza. Nipelekeni nione, nilale, nile, ndipo mniulize. Nyumba hii nimeiona. Hii ndiyo hapana."

Ilimchoma Ljerka kidogo, ukweli usemwe. Alikuwa ametarajia jina lake. Lakini aliuma ulimi vilevile, akaweka mkono mgongoni kwa Nevenka, akausikia unatetemeka kwa hasira kama mashine ya kufulia.

"Anayefuata," alisema Bi Kolarić.

Hakuna aliyesogea. Mwanamume aliyefuata alikuwa anaiangalia karatasi ya Nevenka, midomo ikicheza, akilisoma lile neno. Kisha bibi Štefica akatoka pembeni. Alikuja taratibu, akaiweka chokoleti mezani, haijafunguliwa.

"Nipe ile yangu," alisema.

"Štefica, wewe umeshamaliza, mpenzi. Nenda kapumzike."

"Nipe yangu. Nataka kuisoma tena."

Bi Kolarić aliweka viganja vyote viwili juu ya rundo. Bibi Štefica, ambaye hakuwa na uzito wa kuku, akazishika pembe za karatasi kwa vidole vyake vyembamba, akaanza kuvuta.